Mkono Uliokomaa

Wauza maandazi wa Mlandege tulikuwa na mashindano yetu ambayo hayakuwa na refa. Karai likishakaa motoni tangu alfajiri, mafuta yanachemka, na wewe unataka kulisogeza kidogo ili moto usambae, unalishika masikio kwa mikono mitupu na kulisogeza. Kitambaa kilikuwepo. Kila mtu alikuwa nacho begani. Lakini kukitumia mbele ya wenzako ilikuwa sawa na kutangaza kwamba umeanza kazi wiki iliyopita.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mdogo kuliko wanawake wote waliopanga majiko yao kando ya barabara ile ya Iringa, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa unawashinda wote. Wenzangu walishika, wakasogeza, wakaachia na kupuliza vidole. Mimi niliweza kulishika sikio la karai kwa upande wa kidole cha mwisho, nikamjibu mteja, nikamuuliza habari za nyumbani, ndipo nikaachia.

"Huo mkono umekomaa," alisema jirani yangu wa jiko la pili. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye mwili wake, na ndiye aliyenifundisha kazi nilipoanza. Nilimwita mama mkubwa ingawa hatukuwa na undugu. "Wangu ulichukua miaka kumi. Wako minne tu. Wewe ulizaliwa jikoni."

Nilifurahi kusikia hivyo. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, mwaka ambao baba alimfuata mama kaburini, nikabaki na wadogo zangu watatu, wote wasichana. Nililima vibarua kwanza, nikabeba matofali, halafu nikapata karai. Sikuwa na cheti cha kitu chochote duniani, kwa hiyo mkono uliokomaa niliuona kama cheti.

Yule anayenifuata alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni kule Mbeya. Alikuwa na akili nyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wale wawili wadogo walikuwa shule ya msingi na kazi yao kubwa nyumbani ilikuwa kubishana. Likizo ikifika, yule wa Mbeya alishuka kutoka kwenye basi na sanduku lake la bati, na siku ya pili tu alikuwa pamoja nami jikoni, akikata maandazi na kunisimulia yale waliyofundishwa. Muhula mmoja nilisikia habari za volkano hadi nikaanza kuitilia shaka milima ya kwetu. Muhula ule ninaoukumbuka hapa, alikuja na ubongo na mishipa ya fahamu.

Asubuhi wateja walipopungua, alichukua mwiko, akamwambia mama mkubwa akae kwenye kigoda apandishe mguu mmoja juu ya mwingine.

"Unataka kunifanya nini, mwanangu?"

"Nakupima, mama. Legeza mguu. Usifikirie kitu."

"Nisifikirie kitu, na nina deni la kuni?"

Akamgonga chini ya goti, taratibu. Mguu wa mama mkubwa uliruka, ukapiga ndoo ya maji ya kunawia, maji yakaenda hadi barabarani. Wanawake wote waliacha majiko yao wakaja kuangalia.

"Sikuinua mimi," alisema mama mkubwa, akiutazama mguu wake kama mguu wa mgeni.

"Ni kweli hukuinua. Mshipa wa fahamu umepeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo umetoa amri palepale. Ubongo umeambiwa baadaye."

"Kwa hiyo mguu wangu umefanya jambo bila ruhusa yangu."

"Ndiyo, mama."

"Kama mume wangu."

Hapo kila mtu alitaka kugongwa. Mwanamke mmoja mguu wake ulikataa kuruka, akaona aibu, akaomba arudiwe mara tatu mpaka ukaruka. Nadhani mara ya tatu aliuinua mwenyewe.

Mdogo wangu aliona amepata darasa, akaendelea. Alisema mwili wote umetandazwa mishipa ya fahamu, myembamba kama nyuzi, na kila mmoja una kazi yake. Huu unapeleka habari za ncha ya kidole, ule habari za kisigino. Zote zinapanda kwenye uti wa mgongo na kwenda kichwani, na kichwani ndiko tunakojua kwamba hiki ni cha moto na hiki ni cha baridi. Lakini kukiwa na hatari, mwili hausubiri makao makuu.

"Ni kama balozi wa nyumba kumi," alisema. "Nyumba ikishika moto, balozi anaita watu wachote maji. Haandiki kwanza barua kwa katibu tarafa. Ukigusa karai, mkono unakimbia kabla ubongo haujajua umeungua. Ukishajua, ndipo unasema ai."

"Sio kila mkono," nilisema mimi.

Sikuweza kujizuia. Nilikuwa nimemsikiliza mdogo wangu akinifundisha kwa nusu saa mbele ya wenzangu, na hili lilikuwa jambo nililolijua kuliko yeye. Nikaweka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwenye ukingo wa karai, nikahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Wenzangu walipiga vigelegele. Nne, tano.

"Mabalozi wangu nimewafundisha adabu," nikasema.

Mdogo wangu hakucheka. "Dada, toa mkono." Alinishika kifundo, akageuza kiganja. Ngozi ya kidole ilikuwa imegeuka nyeupe, na malengelenge yalikuwa yameanza. "Imeuma?"

"Haijauma. Ndiyo kukomaa kwenyewe."

"Weka cha mkono wa kulia."

Nikaweka. Sikumaliza hata kuweka. Mkono ulirudi wenyewe kwa nguvu, kiwiko kikampiga mama mkubwa ubavuni, na wanawake wakacheka mpaka wateja waliokuwa mbali wakageuka.

"Mkono wa kulia nao umefanya kazi miaka minne," alisema mdogo wangu, polepole sasa. "Mbona wenyewe haujakomaa?"

Mama mkubwa alisema labda wa kulia ni mvivu, lakini alilisema bila nguvu, akarudi kwenye jiko lake.

Jioni, tulipokuwa tumekaa nje ya chumba chetu jua likiwa bado lipo, mdogo wangu alitafuta unyoya wa kuku, akanifunga macho kwa kanga. Wale wadogo wawili walichuchumaa kando wakinong'ona.

"Nikikugusa useme ndiyo."

Akagusa kidole gumba nikasema ndiyo. Cha shahada, ndiyo. Cha kati, ndiyo. Kisha kimya.

"Anza basi," nikasema.

"Nimekupitishia mara nne, dada."

Nikavua kanga. Unyoya ulikuwa umelala juu ya kidole changu cha mwisho, na nilikuwa nauona kwa macho lakini kidole hakikuniambia chochote. Tulirudia tukakuta jambo la ajabu. Kidole cha pete upande mmoja kilikuwa kinasikia na upande wa pili hakisikii, kama shamba lililogawanywa kati ya ndugu wawili.

Wadogo wakatumwa maji. Walipoondoka, mdogo wangu alilisema lile neno kwa sauti ya chini: ukoma.

Nilikuwa nimeshalifikiria kabla hajalisema. Kila mtu wa wakati ule alijua kwamba ukoma huanza hivyo, mahali pa mwili panaacha kusikia. Na mtu anayeuza chakula hahitaji kuwa mgonjwa, inatosha watu wadhani ni mgonjwa. Habari ikifika barabarani asubuhi, mchana ningekuwa nakula maandazi yangu peke yangu.

"Sirudi Mbeya," alisema mdogo wangu. "Nakaa jikoni mimi. Wewe utakwenda hospitali, utatulia, utatibiwa."

"Basi lako ni Jumamosi."

"Dada, sikiliza."

"Wewe ndiye usikilize. Sikuacha darasa la sita ili wewe uache kidato cha tatu."

"Na mimi nikajifunze mishipa ya watu kwenye kitabu wakati ya kwako inakufa?"

Yule alikuwa damu moja na mimi, na nilijua akishakunja uso namna ile hakunjuki. Mwishoni tukapatana. Alhamisi tungekwenda hospitali pamoja. Tabibu akisema ni ukoma, mdogo wangu angebaki, nami nisifungue mdomo. Akisema siyo, angepanda basi Jumamosi na yeye asifungue mdomo. Tukapeana mikono, wa kulia.

Alhamisi nilimwachia mama mkubwa karai, nikamwambia jino linaniuma. Hospitalini tulisubiri kwenye benchi hadi karibu saa sita. Tabibu alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, Mngoni wa Songea, na alipouliza kabila langu na kukuta sisi ni watani, akaweka kalamu chini.

"Mhehe amekuja mwenyewe kusema anaumwa? Basi ni kweli."

"Nimeletwa na huyu, mtani. Mimi nilikuwa na kazi."

"Nilijua tu."

Lakini alipoanza kupima hakutania tena. Alinitazama ngozi ya mikono, mgongo na uso kwenye mwanga wa dirisha akitafuta mabaka, hakuona hata moja. Alinipitishia pamba vidoleni, miguuni na mashavuni. Alinishika nyuma ya viwiko vyote viwili kwa wakati mmoja, akiminya kama mtu anayelinganisha maembe mawili sokoni, na nyuma ya masikio, na pembeni ya magoti. Mdogo wangu alisimama mlangoni amejikunyata. Nilikuwa nausikia moyo wangu wote, hata kama kidole nilikuwa sikisikii.

Kisha tabibu akakunja kiwiko changu cha kushoto na kukigonga kwa ncha ya kidole, upande wa ndani, pale penye kibonde kati ya mifupa miwili. Shoti kama ya umeme ilinipita. Nilishtuka hadi benchi likasogea.

"Umesikia wapi?"

"Kidoleni. Hiki hiki cha mwisho."

"Nimegonga wapi?"

"Kwenye kiwiko."

"Kwa nini basi uniambie kidoleni?"

Nilimtazama mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa na kitabu. Aliwaza, halafu uso ukamfunguka.

"Kwa sababu mshipa wa kidole unapita hapo," alisema. "Na ubongo haujui umeguswa wapi njiani. Unajua tu kwamba habari imekuja kwa mshipa wa kidole cha mwisho, kwa hiyo unadhani imetoka kidoleni."

"Unasoma wapi wewe?" aliuliza tabibu.

"Mbeya."

"Endelea kusoma." Akanigeukia. "Mshipa huu unatumikia kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake. Ndiyo maana mpaka wako unapita katikati ya kidole cha pete. Ungekuwa ukoma, ningetarajia kuukuta umevimba kama kamba, au nikute mabaka, au mahali pengine pasiposikia. Sikuona. Mshipa wako unabanwa hapo kiwikoni. Kitu gani kinaubana, sijui. Unafanya kazi gani?"

"Nauza maandazi."

"Nionyeshe unavyokaa ukifanya kazi."

Nilijiona mjinga lakini nilikaa. Kigoda kilikuwa hakipo, nikakaa kwenye kiti chake. Mbele yangu nikaweka karai la mawazo, mkono wa kulia ukashika kijiko cha mawazo cha kugeuzia. Na wa kushoto, bila mimi kuuambia, ulikwenda pembeni ukatafuta mahali. Ulikuta ukingo wa meza ya tabibu ukaegemea pale, kiwiko kimekunjwa, uzito wote juu yake.

"Hapo pana nini, huko kazini kwako?"

Nilifikiri. Sikuwa nimewahi kufikiri. "Debe," nikasema. "Debe la unga."

Lilikuwa debe la bati lililokatwa mfuniko, ukingo wake umekunjwa kidogo tu. Nililiweka kushoto kwangu tangu siku ya kwanza ili unga uwe karibu, na kwa miaka minne, kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, nililiegemea kama kiti cha mkono. Mdogo wangu alinijia, akashika sweta langu, akavuta mkono wa kushoto na kumwonyesha tabibu. Kiwikoni palikuwa na kiraka juu ya kiraka. Mkono wa kulia haukuwa na kiraka hata kimoja. Viraka vile nilivitia mwenyewe, kwa sindano yangu, na kila mara nililaumu sufi.

Tabibu alicheka mpaka akavua miwani. "Mtani, umekalia mshipa wako miaka minne halafu ukausifu kwa kunyamaza."

Aliandika kwenye kikaratasi. Nisiegemee kiwiko. Nisilale nimekikunja chini ya kichwa. Nishike vya moto kwa kitambaa, na kila jioni nikague mkono kwa macho, kwa kuwa kidole hakitaniita kikiungua. Nirudi baada ya mwezi. Niliuliza kama kitasikia tena.

"Mishipa hii inapona polepole sana," alisema. "Miezi. Huenda yote, huenda sehemu. Lakini ukiendelea na debe, baadaye kitaacha kufanya kazi pia, na mkono utakuwa kama kucha za kuku. Kwa hiyo chagua."

Njiani tukirudi, mdogo wangu alianza. "Patano letu lilikuwa ukoma au siyo. Halikusema habari ya debe."

"Amesema siyo. Jumamosi."

"Lakini bado husikii. Nani atakuangalia?"

"Umeahidi usifungue mdomo."

Akaufunga, kama hatua ishirini hivi.

Kuacha kuegemea, kumbe, hakukuwa rahisi hata kidogo. Ijumaa alfajiri tulilihamisha debe likaenda kulia. Nilianza kukaanga, nikatulia, nikaanza kuzungumza na mteja, na mkono wa kushoto ukaenda kuegemea debe ambalo halipo. Nilianguka kutoka kwenye kigoda mbele ya dereva wa lori na utingo wake. Saa moja baadaye nikaanguka tena. Mdogo wangu alisema ni kwa sababu ubongo, jambo likirudiwa sana, hulikabidhi sehemu nyingine ya chini na kuacha kulisimamia, na hilo ndilo linalotuwezesha kutembea huku tunaongea. Nilimwambia anisaidie kuinuka kwanza, anifundishe baadaye.

Ilibidi nimweleze mama mkubwa ukweli wote. Nilitegemea atacheka. Badala yake aliutazama mkono wake mwenyewe uliokomaa, akauminya kidole kwa kidole, kila kimoja, mpaka akaridhika kwamba vyote vinauma. Siku ile ile nilimwona akishika karai kwa kitambaa, na wengine, mmoja mmoja, wakamfuata. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kunichunga. Mdogo wangu alimpa mwiko na kumwelekeza: kiwiko kikienda chini, gonga.

"Kwa nguvu gani?"

"Ya kumkumbusha, mama."

"Nitamkumbusha."

Jumamosi tulikwenda kituoni sote wanne. Mdogo wangu alipanda, akapata dirisha, na basi lilipokuwa linaondoka akatoa kichwa na kuanza kunielekeza mbele ya abiria wote wa Mbeya: kitambaa, kukagua jioni, kutolala na kiwiko chini ya kichwa. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yake aliniuliza kama huyo ni mama yangu.

Alinitaka nimwandikie kila juma, na sentensi ya kwanza iwe ya kidole. Alisema nikimdanganya atajua kwa mwandiko, naye atapanda basi linalofuata aje akae jikoni. Kwa hiyo sikudanganya. Barua ya kwanza ilianza: Bado. Ya pili: Bado. Mwezi ulipita nikarudi kwa tabibu, akanipitishia pamba, akasema tusubiri, akaniuliza kama Wahehe wanajua kusubiri. Barua ya tano ilikuwa bado, na majibu yake yakaanza kubadilika. Aliandika kwamba anafikiria kuomba ruhusa. Aliandika kwamba msichana mwingine wa bweni lao ameacha shule na maisha yanaendelea. Nilizisoma barua zile mara mbili mbili. Usiku nilianza kujiminya kidole nikitafuta maumivu kama mtu anayetafuta funguo, nikawa najiuliza kama ingekuwa dhambi kubwa sana kuandika neno moja la uongo.

Sikuliandika. Mama mkubwa alinigonga kwa mwiko, wadogo walinikagua mkono kila jioni na kubishana nani ameona jeraha kwanza, na mwezi wa sita ukaingia na baridi yake, ile ya Iringa inayomfanya mtu amwonee wivu ng'ombe kwa ngozi yake.

Asubuhi moja niliamka kama kawaida, nikatoka uani, nikatia mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji yaliyolala nje, ili ninawe uso. Maji yalichoma. Yalichoma gumba, yakachoma shahada, na kule mwisho kabisa, upande wa kushoto, kitu kama sindano kumi ndogo kikaanza kuchezacheza. Hakikuwa kitu kizuri. Kilikuwa kinaudhi, kama mguu uliokaliwa unapoamka. Nilitoa mkono, sindano zikapungua. Nikaurudisha, zikaja tena. Nilisimama pale nimeinama, mikono ndani ya ndoo, hadi yule mdogo wa mwisho akatoka, akanitazama, akaita mwenzake.

"Njoo umwone dada. Ameganda."

Niliwaambia walete karatasi na kalamu. Wakauliza moto nani atawasha. Nikakaa kwenye kizingiti, mkono wa kushoto ukiwa bado unadondosha maji na kuwashawasha, nikaandika sentensi ya kwanza, kisha nikaandika kwamba ruhusa asiombe, kisha nikaeleza zile sindano zote kumi, moja moja, kwa kuwa nilijua angetaka kujua. Karatasi ilijaa pande zote mbili. Siku hiyo maandazi ya Mlandege yalichelewa, na madereva wa malori waliokwenda Zambia waliondoka na chai kavu.